Mapacha wa Baa ya Mama Bénita

Katika baa ya Mama Bénita, kule Mabanga, mjini Goma, Umuhire alikuwa na bwana toka saa nane ya mchana mpaka saa ya kufunga. Baada ya hapo hakuwa naye.

Bwana mwenyewe alikuwa Zéphirin, mchoma nyama. Ndoa yao ilifungwa na wafanyakazi, siku ya pili tu tangu Umuhire aanze kazi, pale mteja mmoja mwenye tumbo kubwa alipomshika mkono na kukataa kuuachilia. Guylain, anayekaa kaunta na kuendesha muziki, alipaza sauti juu ya ngoma zote: "Papa, achilia huyo mama! Bwana yake ni ule pale, mwenye kisu!" Mteja akageuza shingo. Zéphirin alikuwa ameinama juu ya mguu wa mbuzi, kisu mkononi, macho mekundu kwa moshi, hana habari ya lolote. Mkono ukaachiliwa palepale, tena kwa heshima.

Tangu siku ile ikawa sheria ya kazi. Akitokea mwanaume wa kumsumbua Umuhire, Guylain anakohoa mara mbili, Mama Bénita anasema, "Aa, papa, huyo ni bibi ya mutu," na Zéphirin anatoka kwenye jiko lake la makala, anasimama, anasema maneno mawili tu: "Ni mimi." Kisha anarudi kugeuza nyama. Kilichowachekesha wenzake ni ule uso wake wa ukali. Hakuna aliyeona kwamba akirudi jikoni kitunguu kilikuwa kinakataa kuingia kwenye kijiti.

Miaka miwili alilisema neno hilo. Mdomo ulizoea. Moyo haukuzoea.

Zéphirin alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alitoka kwenye milima ya Masisi, kwa walimaji wa viazi na maharagwe, akashuka Goma na bibi yake Ushindi kutafuta maisha. Ushindi alikufa miaka minne iliyopita akiwa katika uchungu wa kuzaa, yeye na mtoto. Mashine ya hewa ilikuwepo pale hospitalini, Zéphirin aliiona kwa macho yake kupitia kioo cha mlango. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa, na mkubwa alikuwa ameenda semina. Wakubwa wana semina kila siku. Wanajifunza nini huko, hakuna anayejua, maana wakirudi kufuli ni ileile. Tangu hapo Zéphirin hakumsalimu mtu yeyote mwenye tai. Alichoma nyama, alilala, aliamka.

Mpaka Umuhire alipokuja na ile ndoo yake ya kuosha viti.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mrefu, mwenye shingo ya kubeba mzigo bila kuinama, binti wa wafugaji wa upande wa Rutshuru. Kwao alisema anapika kwenye restora. Hakusema baa. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa asiyegusa pombe, na tena, alisema Umuhire, ana mguu mbaya, hawezi kusafiri, hatajua kamwe.

Jumamosi ile walikula pamoja kabla ya kufungua, kama kawaida yao, bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sinia moja, juu ya kazie, yaani kreti za bia zilizogeuzwa kuwa meza. Umeme ulikuwa umekwenda toka asubuhi. Wenye kuukata wana jenereta, basi hawana haraka.

"Zéphirin," Umuhire alisema, akilamba kidole, "chumvi ulisahau, ao uliona huruma?"

"Chumvi iko. Ni kinywa yako iko na sukari mingi, inaimaliza."

Guylain aliacha tonge njiani. "Eeeh! Mama Bénita, uko nasikia? Bwana anasifia bibi na hakuna hata muteja mumoja ndani! Kazi imeanza bila mushahara!"

Mama Bénita alicheka mpaka akashika kiuno. Zéphirin aliinamisha uso kwenye sinia. Umuhire hakucheka. Alichagua sambaza kubwa, akaisukuma polepole kwa kidole mpaka upande wa Zéphirin, akaiacha pale, akaangalia kwingine. Zéphirin aliila ile sambaza kama mtu anayekula sakramenti.

Kisha Umuhire alijitwika beseni, akasema anaenda soko la Virunga kununua ndizi za kuchoma.

"Uangalie njiani," Mama Bénita alimwambia. "Ule chefu asikukute."

Chefu huyo ndiye aliyekuwa maumivu ya kichwa ya wiki ile. Alikuwa mkubwa wa servisi fulani ya serikali, mwenye gari la vioo vyeusi, mwenye bibi nyumbani, na Alhamisi alipokunywa chupa yake ya nne alimwambia Umuhire, "Mimi siogopi muchoma mbuzi. Nitatuma muzee wangu aje aongee na hawa wenye kukulinda." Wakubwa ni hivyo. Hata kutongoza wanatuma mtu.

Kwa hiyo, Umuhire alipokuwa ameondoka kama nusu saa, na mzee mmoja akapiga hodi langoni, wote watatu walitazamana.

Alivaa kofia ya sufu na koti refu, mkononi ana fimbo ya kuchungia, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi la mawe ya volkano. Hakukaa mara moja. Alizungusha macho: viti, spika, chupa, mkeka wa matete, jiko la Zéphirin. Kisha akachagua kiti karibu na lango, akaomba Fanta, akapangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa, hakunywa.

"Banasema hapa kuna mutoto mwanamuke," alisema polepole. "Jina lake Umuhire."

Guylain akakohoa mara mbili.

"Huyu ndiye," Mama Bénita alinong'ona, kisha akapandisha sauti. "Iko hapa, muzee. Lakini iko bibi ya mutu."

Fimbo ya mzee ilitulia sakafuni. "Bibi ya mutu?"

"Bibi ya mutu kabisa. Bwana yake ni ule pale."

Zéphirin alitoka jikoni na kisu chake. Siku hiyo hasira ilikuwa ya kweli, maana mbele yake hakuona mzee, aliona kioo cheusi cha gari. "Ni mimi," alisema.

Mzee alimtazama toka kichwani mpaka miguuni. "Toka lini?"

"Miaka mbili."

"Mulimuomba kwa nani?"

Swali hilo halikuwa katika sheria ya kazi. Mama Bénita akaruka kumsaidia Zéphirin. "Kwangu! Mimi ndiye mama yake hapa Goma. Walikuja hapa hapa, na chupa zao, na wazee wao, na mimi niliitika."

"Mm," mzee alisema. "Na batoto?"

"Mapacha!" Guylain alilipuka kutoka nyuma ya kaunta.

Mama Bénita alimkanyaga mguu. Guylain aliyachukua maumivu yale kuwa ni kumtia moyo. "Kijana na binti, muzee! Gakuru na Gato! Wanatembea, wanaanza kuongea. Binti amefanana na baba yake, masikini, lakini Mungu atasaidia. Sasa ukirudi kwa ule aliyekutuma, umuambie hivi: huyu mama ana bwana, ana batoto wawili, hana nafasi."

Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Walitazama midomo yake ikitafuta neno, na walipodhani litakuwa tusi, waliona maji yanashuka katika mikunjo ya uso wake.

"Mapacha," alisema. "Mukamazimpaka, bibi yangu, alizaliwa pacha. Alikufa akiniambia, damu ile itarudi kwa mutoto wetu, ungoje tu utaona." Alijipangusa kwa kitambaa kilekile cha chupa. "Hakuna mutu alinituma, batoto yangu. Mimi ni Mbarushimana. Umuhire nilimuzaa mimi."

Kisu cha Zéphirin kilishuka mpaka kikagusa paja lake.

"Nilikuja bila kuleta habari," mzee aliendelea, "juu ya kutaka kusikia namna mutoto wangu anaishi, katika vinywa vya batu wasionijua. Ukimuliza mutoto mwenyewe, atakuambia vizuri tupu. Nilipoona hapa ni kwa pombe, nilikuwa na hasira. Fimbo hii ilikuwa inaniwasha mukono. Lakini mapacha!" Na alicheka, kicheko cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Muwalete niwaone."

Guylain alimfikia Zéphirin kwa hatua mbili, akamnong'oneza sikioni: "Jirani Donat ana mapacha. Nikimbie nimuazime, dakika kumi tu?"

"Nyamaza."

"Mumoja ana mafua, lakini..."

"Guylain, nyamaza!"

Zéphirin alikuwa amewahi kuona mtu akisubiri kupewa mtoto. Alikuwa yeye mwenyewe, mbele ya mlango ule wa kioo. Alimtazama mzee aliyeshika kofia kwa mikono yote miwili, ameelekeza uso ndani ya nyumba kama watoto watatokea huko, akajua kwamba kila dakika anayonyamaza anaongeza deni ambalo hatalimaliza. Alifungua mdomo. Na hapo lango likafunguka.

"Papa?"

Umuhire alisimama na beseni la ndizi kichwani. Alilishusha yeye mwenyewe, hakumngoja wa kumsaidia, akaja akapiga magoti mbele ya kiti. Mzee alimkumbatia namna ya kwao, kwa muda mrefu, viganja vikipapasa mgongo na mabega, kama anahesabu kama kila mfupa upo.

"Papa, mguu wako! Umekujaje? Nani alikuonyesha?"

"Acha mambo ya mguu. Batoto wako wapi?"

"Batoto gani?"

Umuhire alimwangalia Mama Bénita. Mama Bénita aliangalia dari. Umuhire akaangalia kaunta, Guylain alikuwa ameshainama chini kupanga chupa zilizokwisha pangwa. Basi akamwangalia Zéphirin, na macho yale, ambayo miaka miwili alikuwa anayakimbia, safari hii Zéphirin hakuyakimbia. Aliweka kisu mezani. Akavua tabliye, ile aproni yake iliyojaa moshi na damu ya mbuzi.

"Muzee, hakuna batoto," alisema. "Hakuna mapacha, na ndoa haiko. Umuhire hajakanyaga nyumba yangu, na mimi sijui hata mlango wa kwake ni wa rangi gani. Hapa tunasema ni bibi yangu ili walevi wamuache afanye kazi. Leo tulidhani umetumwa na mutu mubaya. Tulikudanganya. Mimi ndiye nilisema ni mimi, basi kama ni fimbo, nipige mimi."

Mzee alirudisha mgongo kwenye kiti.

"Dakika tano," alisema. "Nilikuwa babu dakika tano."

Umuhire alifunika uso. Mama Bénita alianza kulia kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa mama mkubwa, kilio chake kilitikisa meza. "Nisamehe, papa. Mimi pia nilisema waliniletea chupa. Hawakuniletea hata maji."

Mzee alikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha alivaa kofia.

"Ni vizuri. Kama hana bwana, kazi iliyonileta imekuwa nyepesi. Mwanangu, Habarurema alikuja nyumbani. Kijana wake yule wa Bunagana, mwenye duka karibu na mupaka, anakutaka. Ana ng'ombe kumi na mbili, anasali. Kesho asubuhi tunapanda pamoja."

"Kesho?"

"Kesho. Hapa siyo mahali pako. Angalia. Chupa, moshi, na batu wa kuumba batoto kwa mudomo."

Zéphirin alijua namna yake mwenyewe. Angerudi jikoni. Angegeuza nyama. Kesho asubuhi angesimama kando ya barabara na kuona basi likipita, kisha angelaumu barabara, angelaumu basi, angewalaumu wakubwa wote wa nchi hii, na angelaumu kweli, maana wanastahili. Lakini Umuhire angekuwa ameenda. Alichukua hatua moja kuelekea jikoni.

"Zéphirin."

Umuhire alikuwa amesimama. Machozi yapo, lakini kidevu kimeinuka.

"Miaka mbili umesema mbele ya walevi wote wa Mabanga kwamba mimi ni bibi yako. Chefu umemwambia. Polisi umemwambia. Hata ule pasta aliyepotea njia akaingia hapa, ulimwambia. Unajua kuambia walevi tu? Leo kuna mutu mwenye hakunywa. Muambie."

Nyuma ya kaunta, chupa moja iligonga nyingine.

"Umuhire..." Zéphirin alianza.

"Siyo mimi. Yeye."

Akageuka. Miguu ilimpeleka mbele ya kiti cha mzee, na kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi, aliikunja nyuma kama mtoto wa shule.

"Muzee, binti yako ninamutaka," alisema. "Ilianza kwa uongo, hiyo ni kweli. Lakini mimi kila nikisema 'ni bibi yangu' nilikuwa namuomba Mungu asisikie ule uongo, asikie lile neno. Akiwa na homa, nyama inaungua. Akicheka huko mbele, mimi nacheka nyuma ya moshi na sijui anacheka nini. Sina ng'ombe. Nina jiko hili, na mikono, na nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Ni hivyo tu."

Mzee alimsikiliza akiangalia ncha ya fimbo.

"Weye unachoma mbuzi," alisema. "Sisi ni batu wa ng'ombe. Nyama ya mbuzi haikuingia nyumba ya baba yangu."

"Ninajua, muzee."

"Papa," Umuhire alisema taratibu, "ng'ombe zetu ziliisha zamani. Na maharagwe uliyokula mwaka jana yalinunuliwa na hii mbuzi."

Mzee alimeza neno hilo, halikushuka haraka. Akarudi kwa Zéphirin. "Una miaka mingi. Hukuwa na bibi?"

"Nilikuwa naye. Alikufa na mutoto tumboni. Miaka ine sasa."

Uso wa mzee ulibadilika. "Pole, mwanangu."

"Aksanti."

"Na kilio chake mulikiondoa?"

Kule milimani, kwa wafugaji na kwa walimaji, sheria hiyo ni moja. Mtu akifiwa na bibi, siku inapangwa, anaenda kwa wakwe zake, wanapika, wanakunywa, wanasali, mama wa marehemu anamwambia mbele ya watu: kilio kimeisha, nenda ukaishi. Asiyeambiwa hivyo ni mtu aliyefungwa. Na Zéphirin tangu mazishi hakurudi Saké kwa mama-mkwe wake hata siku moja.

"Sikwenda," Zéphirin alisema.

"Miaka ine?"

"Miaka ine."

"Juu ya nini?"

Jibu hili hakuwahi kumpa mtu, hata Guylain, hata Mungu. "Mama yake alisema, mutoto wangu azalie hapa kwangu, kuna mama mukunga tunayemujua. Mimi nikasema hapana, Goma kuna madaktari na mashine. Nilimuleta mimi. Nikawalaumu wenye ufunguo, na wana kosa, nitasema hivyo mpaka nife. Lakini ukilaumu mukubwa unaweza kulala usingizi. Mimi nilishindwa kwenda kusimama mbele ya ule mama."

Mzee alitikisa kichwa, bila ukali. "Mutu ambaye kilio hakijaondoka hagongi lango ya mutu mwingine. Hilo siyo neno langu, unalijua."

"Ninalijua."

"Basi sina cha kukujibu. Umuhire, pakia vitu."

Umuhire hakusogea. "Mupigie," alisema.

"Nani?"

"Mama wa bibi yako. Mupigie sasa. Papa amesema hana cha kukujibu mutu mwenye kilio. Hajasema hana cha kukujibu weye."

Mzee alimtazama binti yake kama anayemuona mara ya kwanza. "Hii akili ni ya mama yako," alinung'unika, na hakukataza.

Namba ilikuwepo. Katika miaka minne Zéphirin aliiangalia mara nyingi bila kubonyeza. Simu yake ilikuwa ya zamani, sauti haikutoka mpaka ufungue spika, kwa hiyo baa nzima ilisikia ikilia huko Saké, mara nne, mara tano. Alianza kuishusha.

"Allo? Ni nani?" Kuku walilia nyuma ya sauti.

"Mama. Ni Zéphirin."

"Zéphirin wa nani?"

"Wa Ushindi."

Kisha mama Philomène, maana ndilo jina lake, akasema, bila kupandisha sauti: "Mwaka wa kwanza nilipika. Nikaita watu, tukakungojea mpaka chakula ikapoa. Mwaka wa pili nilipika. Mwaka wa tatu nikasema, labda njia imefungwa. Njia ilifungwa?"

"Hapana, mama. Njia ilikuwa wazi."

"Basi?"

"Nilikuletea mutoto yako katika sanduku. Nilisema sitaweza kukuangalia."

"Na mimi, mutoto yangu, nilikuwa na nani mwingine wa kulia naye? Yeye alikuwa wangu na wako. Walikuja majirani kunisaidia kulia, lakini majirani hawakumujua akiwa anaimba asubuhi. Weye ndiye uliyemujua." Alipumua. "Nani alikuambia ninakulaumu?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza. Ndiyo kosa lako moja. Yale mengine ni ya wale wenye kufuli, na Mungu anawajua kwa majina."

Zéphirin alishika ukingo wa meza. Mwanaume mzima, mabega yake yalikuwa yanaruka kama ya mtoto. Umuhire alitaka kusogea, baba yake akamzuia kwa fimbo, polepole tu, maana kuna machozi ambayo mtu anaachwa nayo.

"Sasa uko mugonjwa?" sauti iliuliza. "Unapiga leo juu ya nini?"

"Siko mugonjwa." Alijipangusa kwa nyuma ya mkono. "Mama, kuna mwanamuke."

Hata kuku walinyamaza, au labda kila mtu aliona hivyo. Mama Bénita alikuwa amemshika Guylain mkono mpaka Guylain anakunja uso. Umuhire alifumba macho.

"Jina lake?"

"Umuhire."

"Anakula vizuri? Ana afya?"

"Ana afya, mama."

"Anakusikia?"

"Anasikia. Baba yake pia yuko hapa."

"Mupe baba yake telefoni."

Mzee Mbarushimana alivua kofia kwa mara ya pili siku ile. Aliishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, kama anayeshika kikombe kilichojaa. "Mama, amani. Ni mimi Mbarushimana."

"Papa, amani. Mimi ni Philomène wa Saké. Sikia. Huyu kijana hana mama wala baba, walikufa wote. Mimi nilimupata kwa ndoa, na kifo haikumutoa kwangu, hata kama yeye alipotea. Jumapili ijayo nitapika, na atakuja, na nitamuambia lile neno mbele ya watu. Kisha nitavaa kitenge changu kizuri nimulete kwako mimi mwenyewe, na wajomba wawili, tupige hodi namna inafaa. Kama utatufukuza, utufukuze tukiwa tumekaa. Lango yako iko wapi?"

Mzee alimtazama mchoma nyama aliyesimama bila tabliye, macho mekundu, na safari hii haukuwa moshi. Alimtazama binti yake. Umuhire alikuwa amefumbua macho, na hakuwa anamwangalia baba yake. Alikuwa anamwangalia Zéphirin, waziwazi, mchana kweupe, mbele ya watu, kama mtu anayesoma barua aliyoingojea. Na baba yake aliona. Alijua jina la kitu kile. Aliwahi kuangaliwa hivyo, mara moja katika maisha.

"Mama," alisema ndani ya simu, "unapita Rumangabo, unaendelea mbele. Kuna soko ndogo ya viazi. Ukiuliza kwa Mbarushimana, hata mutoto atakuonyesha." Akaongeza: "Njia wameiacha ikaoza, wenye kuitengeneza. Mutoke mapema asubuhi, musije mukafika mumechoka."